Wimbo Uliokata Utabiri

Mama uliyekaa karibu na mlango wa nyuma, nakuomba uurudishie. Upepo wa kusini umeshafika huku mbele, mishumaa inataka kuzimika, na mzee wangu wa benchi la kwanza amejifunika blanketi mpaka puani kama mtu aliyekuja kulala. Asante. Ubarikiwe.

Naona mabenchi matupu. Msihangaike kuwatetea wenzenu, najua walipo. Juzi na jana zimedondoka rasharasha, vumbi limelala, udongo umenukia, basi asubuhi watu wamebeba majembe na kupita hapa mlangoni huku wakiangalia upande wa pili. Nimewaona. Hata nyinyi mliokuja, baadhi yenu viatu vina udongo mbichi. Sisemi kitu. Nitawapa mfano, halafu Mzee Tweve atasoma matangazo, halafu twende nyumbani. Na leo sina hamu ya kumchekesha mtu.

Sikilizeni. Palikuwa na kijiji huko juu milimani, juu kuliko hapa petu, kijiji cha viazi na pareto, ambako baridi si ya kuchezea. Mwezi wa sita na wa saba wanaamka wanakuta maji ya kuku yameganda. Ikifika mwezi wa tisa jua linaanza kurudi, watu wanavua masweta, na hapo ndipo ugumu unapoanza, maana hakuna anayejua kama baridi imekwenda kweli au imetoka nje kidogo tu na itarudi. Upepo unakuja kutoka kusini na mawingu yake, unamwaga manyunyu siku mbili tatu, unapita. Nyuma yake anga linakuwa safi, halina hata kiwingu, na asubuhi inayofuata mabondeni kumeanguka barafu. Mnaijua hiyo, sina haja ya kuwafundisha. Ile nyeupe nyembamba, inayong'aa vizuri jua likichomoza. Ikishayeyuka, kila jani la kiazi limekuwa jeusi.

Sasa wakubwa wa mkoa ule walikuwa na utaratibu mzuri. Kila mwaka kabla ya msimu, kila kijiji kilituma mtu mmoja mjini, akakae na watu wa hali ya hewa, aelezwe utabiri wa msimu kwa lugha ya kawaida, aulize maswali, kisha arudi akawaambie wenzake. Kijiji chetu kile kilikuwa na mtu wake wa kutuma. Alikuwa mwanamume mwenye sauti. Akisoma somo kanisani, hata watoto wananyamaza. Akitoa rambirambi msibani, wafiwa wanasema sasa marehemu wetu amezikwa kwa heshima. Walimwita Mjumbe, nasi tumwite hivyohivyo.

Mjumbe akaenda mjini. Nisimsingizie, alisikiliza. Hakusinzia, wala hakutoka nje kupiga simu. Mtaalamu aliwaambia hivi: mwaka huu mvua zitatangulia. Mwezi wa tisa haujaisha mtaanza kuona manyunyu. Lakini, akasema, hizo si mvua za msimu. Ni za kupita. Zinaletwa na ubaridi wa kusini unaofuatana safari hii, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja ukipita anga litatakata na barafu itaanguka, hasa mabondeni. Mkipanda kwa manyunyu hayo, mtapandia barafu. Subirini mvua zenyewe, mwezi wa kumi na moja. Mjumbe akauliza hata swali, akajibiwa, akashukuru. Alirudi nyumbani na maneno yote kichwani, hakuna lililodondoka njiani.

Jumapili akapewa nafasi wakati wa matangazo. Kanisa limejaa. Ile ndiyo Jumapili ambayo hakuna anayekosa, hata walevi wanakuja, kwa sababu kila mtu anataka kusikia lini apande. Mjumbe akasimama hapa mbele, akakohoa kidogo, mnajua wenye sauti wanavyokohoa, akasema:

"Ndugu zangu, nimetoka mjini. Watu wa hali ya hewa wamesema hivi. Mwaka huu, mvua zitatangulia!"

Wee! Ikawa nini tena? Vigelegele. Kule, kama hapa, habari njema haiachwi ipite hivihivi. Kwaya ikasimama, ngoma ikalia, watu wakaanza kucheza katikati ya mabenchi. Kina mama wakaja mbele na vitenge, wakamfunga Mjumbe kimoja mabegani, wakamfunga cha pili, mpaka akawa amevimba. Bibi mmoja ambaye magoti yake yanamsumbua mwaka mzima aliruka siku ile. Na Mjumbe pale katikati, mdomo bado uko wazi. Neno lake la pili lilikuwa "lakini", na lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Wimbo ukaisha. Nawaomba mkumbuke hapo, nitaparudia. Wimbo uliisha. Watu wakakaa, wanahema, wanajifuta jasho na nje kuna baridi. Mjumbe bado amesimama na vitenge vyake. Akazitazama zile nyuso. Tangu viazi vya mwaka juzi vilivyooza, hakuwahi kuziona zimefurahi namna ile, na waliofurahi walikuwa wanamtazama yeye. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Ungewavua furaha ile mbele ya watu wote?

Mjumbe akasema, "Mungu ni mwema."

Wakajibu, "Wakati wote!"

Akaenda kukaa.

Mchana, mkewe akamwekea chakula. Mjumbe akala matonge mawili, akaacha. Mkewe akamuuliza kulikoni. Akamweleza yote, neno kwa neno kama alivyoelezwa mjini, na barafu yake, na mabonde yake, na mwezi wa kumi na moja.

"Na watu umewaambia?" mkewe akauliza.

"Nitawaambia taratibu. Leo wamefurahi mno."

"Basi sisi tusipande."

"Sisi tusipande," akasema Mjumbe.

Mmesikia? Kwa mkewe lile neno lilitoka bila shida. Halikumkwama kooni hata kidogo. Tunapenda kusema kwamba ukweli ni mgumu kuutamka. Ugumu gani? Mtu ameutamka na tonge mkononi. Ameutamka pale ulipomfaa.

Kulikuwa na mjane katika kijiji kile. Ngojeni, msianze kusikitika, mkisikia mjane mnaanza kusikitika mapema halafu mkifika mwisho mmechoka. Huyu alikuwa mwanamke wa kazi. Mume alimwacha na watoto na shamba moja la bondeni, shamba zuri, udongo mweusi. Na alikuwa na shemeji. Shemeji alimwita baada ya arobaini ya marehemu, akamwambia kwa upole, maana watu wa namna hii huwa wapole sana: "Shemeji, hili shamba ni la ukoo. Tunakuachia msimu mmoja tuone. Ukivuna, kaa, hakuna atakayekugusa. Usipovuna, tutapanda misindano, maana miti haihitaji mtu wa kuihangaikia." Mnajua misindano. Ikishasimama kwenye shamba, wajukuu zako ndio watakaolima pale tena, na hapo ni kama Mungu atapenda.

Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa na mavuno mamoja tu ya kumtetea. Mbegu yake aliiweka uvunguni mwa kitanda, sehemu mbili. Gunia la kupanda, na kikapu cha akiba endapo gunia litaharibika. Watoto walikula majani na uji mwepesi, na viazi vile viko uvunguni vinachipua, hakuna aliyekigusa hata kimoja. Nyinyi mmewahi kulala na njaa juu ya chakula? Baadhi yenu mmewahi, nawajua, mnajua nasema nini.

Mwanamke huyo alimsubiri Mjumbe njiani.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Salama. Nilitaka kukuuliza. Hao wataalamu, hawakusema kitu kingine? Maana mimi shamba langu liko bondeni, na unajua shemeji amesemaje. Nikikosea mwaka huu sina pa kurudia."

Mjumbe akatazama viatu vyake. Njia ile ilikuwa na watu wawili tu. Hapakuwa na kwaya. Hapakuwa na ngoma wala kitenge. Kulikuwa na mwanamke mmoja anayeuliza swali ambalo jibu lake yeye analo.

"Vingine vilikuwa mambo ya kitaalamu tu, mama," akasema. "Mara ubaridi wa kusini, mara mgandamizo wa hewa, huko na huko. Wewe mwombe Mungu. Mvua itakuja."

"Kwa hiyo nipande?"

"Mvua itakuja," akarudia, akapita.

Alidanganya? Hebu niambieni. Mvua itakuja, kweli. Mambo ya kitaalamu, kweli. Mwombe Mungu, nani atapinga? Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Ndiyo maana nina hasira naye. Mwongo wa kawaida unaweza kumkamata. Huyu ukimkamata, mkononi mwako unabaki na maneno ya kweli matupu.

Basi manyunyu yakaja, kama yalivyotabiriwa. Vumbi likalala. Mjumbe sasa akawa si Mjumbe tena, akawa Baba Mvua. Akipita wanamwamkia mpaka wanaomzidi umri. Harusini anawekwa meza ya mbele, kilabuni kikombe cha kwanza cha ulanzi ni chake. Na kila alipoamkiwa, lile "lakini" likazidi kuzama ndani. Maana siku ya kwanza lingekuwa taarifa. Siku ya pili lingekuwa masahihisho. Baada ya hapo lingekuwa kukiri kosa, na nani anapenda kukiri kosa akiwa kwenye meza ya mbele? Watu wakapanda. Mabonde yote, vilima vyote, kila mwenye jembe alipanda. Mjane akamwaga gunia lake lote kwenye udongo mweusi.

Shamba moja tu lilikuwa limelala. La nani? La Mjumbe. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mfano unaponichoma mimi mwenyewe ninayeusimulia. Kwa sababu kijiji kile kilikuwa na watu wema. Wakaliona shamba lake halijaguswa, wakasema, masikini, mtu anahangaika na mambo yetu, kwake kumelala, na mkewe mgongo haumruhusu. Wakaitana kama tunavyoitana hapa mtu akifiwa au akiugua, kina mama na majembe, wanaume na majembe, wakaenda kumlimia. Hakuwaita. Walikwenda wenyewe.

Mkewe akatoka mlangoni, rangi imempotea. "Jamani, mngengoja. Mbegu zetu bado hazijachipua."

"Si neno, mama," wakamjibu. "Tutachangiana."

Wakarudi majumbani, kila mmoja akaleta alichobakiza. Huyu ndoo, yule sinia. Na mjane akainama uvunguni, akakivuta kile kikapu cha akiba. Mtoto wake akamtazama. Akamwambia, "Huyu ndiye aliyetuletea habari ya mvua. Asiye na shukrani si mtu." Akajitwika kikapu.

Mjumbe alisimama pembezoni mwa shamba lake mwenyewe, mikono nyuma. Akawaona wanavyopanda. Akamwona mjane anavyochomeka kiazi kimoja kimoja, anakigeuza jicho lake litazame juu, kama mtu anayemlaza mtoto. Angeweza kusema hapo? Angeweza. Watu walikuwa wameinama wanafanya kazi kimya, angesema kwa sauti ya kawaida tu, wote wangesikia. Kikapu kingerudi nyumbani. Alifanya nini? Aliwashukuru.

"Asanteni sana, ndugu zangu. Mungu awarudishie."

Viazi vikaota. Vikafika kwenye kifundo cha mguu, kijani kizuri, watu wanapita wanatabasamu. Upepo wa kusini ukaja, ukanyunyiza, ukapita. Anga likatakata. Asubuhi bonde zima lilikuwa jeupe, na kufika saa sita mchana lilikuwa jeusi. Watu wakajipa moyo, wakasema mizizi ingali hai, vitachipua tena. Kweli vikajaribu kuchipua, vinyonge hivi. Ubaridi wa pili ukapita, barafu ikavichoma. Kisha jua likarudi kavu, udongo ukapasuka, na kile kilichobaki chini kikanyauka hukohuko. Hakuna aliyepigiwa vigelegele wiki ile.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mvua zenyewe hizo zikaanza kukusanyika, mawingu mazito ya kweli, na kijiji hakina mbegu. Hapo Mjumbe akafungua ghala lake. Akatangaza kwamba mwenye shida aje, atagawa, hataki kitu kwa mtu. Mnaona? Si mtu mbaya! Ningempenda zaidi kama angekuwa mbaya. Watu wakamiminika. Wengine walikuwa wanalia. Walimwita baba, walimwita mkombozi, Mungu anisamehe, jina hilo wakampa mtu kwa ajili ya viazi. Tena viazi ambavyo vilikuwa vizima kwa sababu vyao vilikuwa vimekufa.

Mjane akaja na kikapu chake kitupu, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, Mjumbe akamchotea. Mwanamke akachukua kiazi kimoja, akakigeuza. Chipukizi lake lilikuwa refu kupita kidole, limepinda, limeanza kusinyaa kwa kukaa gizani mno. Mkulima hahitaji kuambiwa. Akamtazama mke wa Mjumbe.

"Siku ile ulisema hazijachipua."

Mke wa Mjumbe akaingia ndani.

Akamgeukia Mjumbe. "Hizi zimechipua tangu mwezi wa tisa. Hukupanda. Ulijua."

Mjumbe akaweka chini lile kopo la kuchotea. Naye, kwa mara ya kwanza, akasema kitu kutoka moyoni: "Mama, nilitaka kusema. Nilikuwa nakuja kwenye hilo neno. Mkaanza kuimba."

"Tuliimba," akasema mjane. "Wimbo ukaisha. Tukakaa. Wewe ulikuwa bado umesimama."

Niliwaambia mkumbuke hapo.

"Na njiani nilikuuliza," akaendelea, sauti yake haikupanda. "Nilikuwa naimba njiani?"

Sasa, mnadhani kile kijiji kilifanya nini? Mnadhani walimgeukia Mjumbe wakamtaka maelezo? Watu wale waliopoteza kila kitu? Mzee mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Mama, basi! Mtu anakupa mbegu, wewe unamfanyia kesi?" Na mwingine nyuma: "Yaliyopita si yamepita? Sogea tupate na sisi." Wakasukumana kidogo. Walikuwa na njaa, mawingu yameshuka, na ukweli ungewachelewesha kupanda.

Mjane akakirudisha kile kiazi kwenye rundo. Akakigeuza kikapu chake chini juu, akakikung'uta, akaenda zake.

Mvua za msimu zilipoanza, shemeji yake alikuja na miche kwenye mkokoteni. Alikuwa mpole vilevile. Alimsaidia hata kutoa vyombo. Leo lile bonde lina misindano, imenyooka vizuri, ukipita pale hata ndege husikii. Mwanamke alikwenda kuchuma chai mashamba ya watu, na watoto wake wanakua kwenye chumba ambacho si chao. Sina la kuongeza hapo.

Mnamlaani Mjumbe, nawaona. Mama pale ameshika shavu. Subirini, sijamaliza.

Mwaka uliofuata, kabla ya msimu, kijiji kikakutana kuchagua mtu wa kwenda mjini kusikiliza utabiri. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema, jamani, tumtafute yule mwenzetu aliyeko kwenye chai. Yule anauliza. Akienda yeye, atatuletea yote, hata yale tusiyoyataka. Mkutano ukaguna. "Yule? Yule ana uchungu. Atasimama pale mbele atutie huzuni. Na kwanza sauti hana." Zikapigwa kura za mikono. Mnajua mikono ilimwinukia nani.

Naye Mjumbe akaenda. Na nasikia, safari ile alikuwa amekata shauri. Alikonda mwaka ule, jamani, hakuwa jiwe. Njia nzima alirudia utabiri kuanzia mwisho, ili "lakini" litangulie. Jumapili akasimama mbele, kanisa limejaa, akakohoa. Akafungua mdomo. Na kabla hajatoa neno hata moja, kwaya ilikuwa imeshasimama, na ngoma imeshalia.

Mfano umeishia hapo. Sijui mwaka ule walivuna nini. Hata wao hawakutaka kujua.

Sasa tuzungumze sisi, na msiangalie dirishani. Sisi ni nani kwenye kijiji kile? Rahisi kusema sisi ni mjane. Kila mtu akisikia mfano anachukua nafasi ya aliyeonewa, anakaa hapo na kanga yake, analia kidogo, anakwenda nyumbani kula. Leo siwaruhusu. Hebu tuseme ukweli.

Sisi tuna binti tunayemwoza hapa hapa, na kuna nyumba mbili zinajua yule kijana alimfanyia nini mke wa kwanza kule alikotoka. Zinajua. Na zimechangia harusi. Sisi tunakwenda hospitali kumwangalia mgonjwa, tumeshaambiwa na ndugu zake kwamba hatapona, tunamwambia utatoka tu wiki ijayo, tutakuja kukulimia. Naye anakufa hajaagana na mtu, hajasema shamba liende kwa nani, shemeji wanakuja na miche. Tunasema tulimtia moyo. Tulimtia moyo au tulijiokoa na macho yake?

Na sisi tunaosimama hapa mbele tumevaa kanzu nyeupe, tunazijua aya zinazoleta vigelegele na aya zinazoleta kikohozi. Tunazijua vizuri sana. Msidhani nimejitoa.

Lakini Mjumbe ni mmoja. Kwaya ni wengi. Nani alimfundisha Mjumbe kwamba habari nusu inavishwa kitenge? Nani alimfundisha kwamba mwenye kuuliza swali anaambiwa sogea tupate na sisi? Tulimlea wenyewe. Tukimpata mtu wa kusema yote tunamwambia ana uchungu. Kweli ana uchungu! Tulimpa sisi. Halafu barafu ikianguka tunamuuliza Mungu kwa nini hakutuonya, na Mungu alishaonya, alionya mjini, kwa lugha ya kawaida, na maswali yakajibiwa. Onyo lilikuja mpaka hapa mlangoni, likaingia, likasimama mbele, sisi tukaliimbia.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja, si kikubwa. Ofisi ya kilimo imeleta utabiri wa msimu wetu, Mzee Tweve anao hapo mfukoni, atatusomea sasa. Mimi mwenyewe sijausoma. Sijui umesema nini kuhusu hizi rasharasha za jana mlizozipokea kwa majembe. Inawezekana ni habari njema tupu, na mkaja kunicheka. Nitafurahi mnicheke. Lakini asome mpaka mwisho, asome na yale ya kuudhi, halafu tukae kimya kidogo, kila mtu afikirie shamba lake liko wapi, bondeni au kilimani, na jirani yake amebakiza kikapu gani uvunguni. Na wenzenu walioko shambani, mkitoka hapa mpite kwao, muwaambie yote, msiwaambie nusu.

Mzee Tweve, karibu mbele. Pole na magoti. Vaa miwani yako, hatuna haraka.

Kwaya! Nani amewaambia msimame? Kaeni chini. Mzee hajafungua hata mdomo.